Mapipa ya Shinkolobwe: kumnyima mwenzako kulivyozaa mashindano ya nyuklia

Jiwe lenyewe si kubwa. Linaenea kiganjani, ila ukiliinua unashtuka kwa uzito wake. Ni jeusi kama lami iliyoganda, na juu yake kuna ukoko wa manjano, wa kijani, mahali pengine wa rangi ya chungwa. Nililiona mara moja tu, hapa Lubumbashi, mji wa Katanga, kusini mwa Kongo, mikononi mwa mwalimu wa jiolojia aliyevaa glavu. Alisogeza kifaa cha kupimia mionzi, nacho kikaanza kulia, kwanza tone moja moja, halafu mfululizo, mfano wa mvua ya kwanza juu ya mabati. "Hili linatoka Shinkolobwe," akasema, akalirudisha haraka kwenye kisanduku chake.

Shinkolobwe, mgodi wa urani, madini ya kutengenezea mabomu ya nyuklia, si mbali nasi. Unashika barabara ya Likasi, kilomita kama 120, kisha unaelekea magharibi kilomita 20 hivi. Rasmi hupaswi kufika: tangu Januari 2004 kuna amri ya rais inayokataza kuchimba pale. Mimi nimekulia Katuba, mtaa wa Lubumbashi, na jina hilo tulilijua kama jina la mahali ambapo watoto hawapelekwi. Mzee mmoja jirani yetu, aliyestaafu Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, baada ya kufanya kazi miaka mingi Panda, alikuwa akisema baba yake alibeba mawe hayo kwa mikono wakati wa vita vya wazungu. Hakujua ni ya nini. "Bazungu habakutuambia kintu," mzee alikuwa akimnukuu baba yake. "Tulikuwa tunatosha tu majiwe," yaani tulikuwa tunayatoa tu.

Leo nafundisha historia, na kila mwaka, tukifika kwenye Vita Baridi, kuna kijana atakayenyoosha mkono na kuuliza swali lilelile. Mwalimu, mtu mwenye mabomu 300 ya kuteketeza nchi nzima ya adui, bomu la 30,000 analitakia nini? Vitabu vingi hujibu kwamba mabepari na wakomunisti walichukiana. Ni kweli walichukiana, lakini chuki peke yake haihesabu mabomu. Jibu ninaloliamini liko katika kisa cha mawe haya, kuanzia mwaka 1939 hadi 1949. Humo unaona mashindano yakizaliwa kabla ya kuwa na mshindani wa kweli.

Mgodi uligunduliwa mwaka 1915, enzi za Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya madini ya Kibelgiji. Kilichotafutwa wakati ule ni radiamu, iliyouzwa kwa bei ya kutisha kwa matumizi ya hospitali. Mawe yalisafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, wakatoa radiamu, na urani ikabaki karibu kama makapi, ya kutia rangi vigae na vyombo vya udongo. Mwaka 1937 mgodi ukafungwa, mashimo yakajaa maji.

Desemba 1938, wanakemia wawili wa Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann, wakagundua dalili kwamba kiini cha atomu ya urani kinaweza kupasuliwa. Ndani ya miezi michache kila mwanafizikia aliyejua hesabu alikwisha kuona kinachowezekana. Mwaka 1939 Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alifikiwa na watu wa pande mbili: mwanasayansi Mwingereza Henry Tizard huko London, na mwanafizikia Frédéric Joliot wa Ufaransa. Tizard alimwonya: ulicho nacho kule Katanga kisije kikamfikia adui. Joliot aliitaka urani hiyo kwa utafiti wa Wafaransa. Tarehe 2 Agosti mwaka huo Albert Einstein alitia saini barua kwa Rais Roosevelt, ikisema waziwazi kwamba chanzo muhimu kuliko vyote cha urani ni Kongo ya Wabelgiji. Nikiwasomea wanafunzi sehemu hiyo, darasa hunyamaza. Mji wao haukutajwa, ila ndio unaozungumziwa.

Sengier alihamia New York. Mwishoni mwa 1940, Ubelgiji ikiwa tayari mikononi mwa Wajerumani, aliamuru akiba ya mawe bora ipelekwe Marekani kimyakimya. Takriban tani 1,200, ndani ya mapipa ya chuma, ziliwekwa ghalani Staten Island. Zikakaa pale karibu miaka miwili. Alipojaribu kuwagutusha maofisa wa Washington mapema 1942, hamu yao ilikuwa juu ya kobalti ya Katanga kuliko urani. Hadi tarehe 18 Septemba 1942 ndipo kanali mmoja wa jeshi, Kenneth Nichols, alipoingia ofisini kwa Sengier kuuliza habari za mawe. Mapatano yakaandikwa kwenye karatasi ya manjano, kikao hakikuchukua hata saa nzima.

Ubora wa mawe hayo unahitaji kuelezwa, maana bila hivyo kisa hakieleweki. Mawe ya urani ya Marekani na Kanada yalikuwa na kiwango cha chini ya asilimia moja. Yale ya mapipa ya Staten Island yalikuwa na wastani wa kama asilimia 65 ya oksidi ya urani. Ni tofauti ya kuchekecha gunia zima la mchanga upate kijiko cha chumvi, na kupewa gunia ambalo sehemu kubwa yake ni chumvi yenyewe. Mgodi ukafunguliwa upya kwa msaada wa wahandisi wa jeshi la Marekani, maji yakavutwa, na hadi vita vinaisha karibu theluthi mbili ya urani yote ya mradi wa Manhattan, mradi wa siri wa Marekani wa kutengeneza bomu, ilikuwa imetoka kwetu.

Hapa Lubumbashi watu hupenda kusema bila Shinkolobwe kusingekuwa na Hiroshima. Mimi sikubali moja kwa moja. Kanada ilikuwa na mawe, na Marekani ilikuwa na fedha za kuchekecha milima. Wangechelewa, na kuchelewa huko kungeweza kuvuka Agosti 1945, lakini bomu lenyewe lingekuja.

Mshindani wa kwanza wa Marekani katika haya yote alikuwa Ujerumani, na hakuwa akikimbia. Kufikia katikati ya 1942 wakuu wa Berlin walikwisha kuona bomu ni jambo la mbali mno, wakabakiza utafiti mdogo. Marekani haikujua. Ilijenga miji mizima ya siri, Oak Ridge, Hanford, Los Alamos, ikikimbizana na kivuli. Mwishoni mwa 1944 tu, kikosi cha upelelezi kilipokamata karatasi za wanasayansi wa Kijerumani huko Strasbourg, ndipo ilipobainika kwamba nyuma hakuna mtu. Je, mradi ulisimama? Haukusimama. Mwanasayansi mmoja, Joseph Rotblat, ndiye aliyefunga virago na kuondoka kwa sababu hiyo. Wengine wote waliendelea.

Wakati huohuo, upande wa pili, jambo dogo la maktaba lilikuwa limetokea. Georgy Flerov, mwanafizikia kijana wa Kisovieti aliyekuwa jeshini, mapema 1942 alipata nafasi ya kupitia majarida ya sayansi ya Waingereza na Wamarekani huko Voronezh. Alikuwa akitafuta kama kuna mtu amejibu ugunduzi wake kuhusu urani. Hakukuta jibu. Halafu akaona kitu kikubwa zaidi: hakuna yeyote aliyekuwa akiandika tena kuhusu kupasua kiini cha urani. Majina makubwa yote yalikuwa yametoweka kurasani. Hapo akafahamu kwamba kazi imehamia sirini, na Aprili 1942 akamwandikia Stalin. Majasusi walikuwa na habari zao pia, bila shaka, lakini mimi barua hii hunigusa zaidi. Wamarekani walinyamaza ili Mjerumani asijue, na Mrusi akajua kwa sababu wamenyamaza.

Ili kuelewa kwa nini ukimya ulitisha kiasi hicho, kumbuka mwaka 1941. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tarehe 22 Juni 1941 Ujerumani iliivamia Urusi ya Kisovieti ghafla, wakati mkataba wa kutoshambuliana ungali hai, na mamilioni wakafa. Tarehe 7 Desemba Japani ilishambulia Pearl Harbor. Madola mawili yaliyokuja kurundika mabomu yote mawili yaliumwa mwaka mmoja, na kila moja likaapa kutoshtukizwa tena. (Na sisi? Siku mbili baada ya Pearl Harbor, tarehe 9 Desemba 1941, askari wa kikoloni waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa Union Minière waliokuwa wamegoma na kukusanyika uwanjani hapa mjini, Élisabethville ya wakati ule. Walidai nyongeza ya mshahara. Makumi waliuawa. Kampuni ni ileile, vita ni vilevile, na ndio mawe yaleyale yaliyokuwa yakisubiri mapipani Staten Island.)

Sasa tufike kwenye uamuzi wenyewe, ambao kwangu ndio moyo wa kisa. Juni 1944, Ujerumani ikiwa tayari inashindwa, Marekani na Uingereza ziliunda chombo cha pamoja cha kununua na kudhibiti urani na thori popote duniani. Septemba mwaka huo wakapatana na serikali ya Ubelgiji kwamba urani ya Kongo itauzwa kwao. Jenerali Leslie Groves, msimamizi wa mradi wa Manhattan, alikuwa na hesabu nyepesi: sayansi haifichiki milele, lakini jiwe linafichika. Asiye na jiwe hana bomu. Aliamini Warusi hawana mawe mazuri nchini mwao, na akakadiria ingewachukua hata miaka 20 kufika.

Lililofuata Ujerumani mwaka 1945 linaonyesha hesabu hiyo ilivyowaendesha. Tarehe 15 Machi ndege zaidi ya 600 za Marekani ziliuporomosha mji wa Oranienburg, kaskazini ya Berlin. Huko kulikuwa na kiwanda cha kusafisha urani, na eneo lingeangukia mikononi mwa Warusi. Kumbuka Urusi wakati huo ni mshirika wa vita. Aprili, kikosi cha Wamarekani na Waingereza kikaingia Stassfurt, mahali palipopangiwa kuwa upande wa Kisovieti, kikaondoa kama tani 1,100 za mawe ya urani ambayo Wajerumani waliyachukua Ubelgiji. Ni mawe ya Katanga tena, yaliyokwisha kusafiri kutoka hapa hadi Olen, kutoka Olen hadi Stassfurt, na sasa yanapakiwa upya ili jirani asiyakute.

Akakuta mengine. Kundi la wanasayansi wa Kisovieti, akiwemo Yuli Khariton, lilizunguka Ujerumani likiuliza ghala kwa ghala, hadi Neustadt-Glewe, wakapata zaidi ya tani 100 za oksidi ya urani ndani ya kiwanda cha ngozi. Igor Kurchatov, mkuu wa mradi wao, alisema baadaye kwamba mzigo huo uliwapunguzia kama mwaka mzima. Kinu chao cha kwanza cha nyuklia, F-1 cha Moscow, kiliwaka tarehe 25 Desemba 1946. Halafu wakachimba kila mahali palipochimbika: Saxony ya Ujerumani, Jáchymov ya Chekoslovakia, milima ya Tajikistan, kwa jasho la wafungwa na vibarua wasiohesabika. Tarehe 29 Agosti 1949 bomu lao likalipuka Semipalatinsk, Kazakhstan. Ilikuwa miaka minne tu tangu Hiroshima.

Nadhani hapa ndipo tunapopaswa kukaa kidogo, maana wengi hupita mbio. Jaribu kuvaa viatu vya Stalin, hata kama ni mtu mwenye damu nyingi mikononi. Julai 1945, kwenye mkutano wa Potsdam, Ujerumani, Rais Truman wa Marekani anamwambia kwa ufupi kwamba Marekani ina silaha mpya yenye nguvu isiyo ya kawaida. Yeye alikwisha kuambiwa na majasusi wake. Anajua pia kwamba wanaomwita mshirika wamefunga migodi, wamelipua kiwanda, wamehamisha mawe usiku. Tarehe 6 Agosti bomu la urani linaangushwa Hiroshima, tarehe 9 la plutoni Nagasaki, na tarehe 20 mwezi huohuo anaunda kamati maalumu chini ya Beria, mkuu wa polisi wake wa siri, yenye ruhusa ya kutumia chochote. Upande wa Washington kila hatua ya kufunga mawe ilikuwa kinga. Upande wa Moscow kila hatua hiyohiyo ilikuwa dalili ya mtu anayenoa panga gizani. Wote wawili walikuwa wakijilinda. Kwa mtu aliye upande wa pili wa ukuta, kujilinda na kujiandaa kushambulia hutoa sauti moja.

Mwaka 1946 palikuwa na mapendekezo ya kuweka urani yote chini ya mamlaka ya kimataifa. Marekani ilitaka ukaguzi kwanza, ndipo iachie mabomu yake. Urusi ilitaka mabomu yaharibiwe kwanza, ndipo ukaguzi uje. Hakuna aliyetaka kutangulia kuvua nguo.

Baada ya 1949 mambo yalikwenda kasi, na mantiki ilikuwa ileile kwa idadi kubwa zaidi. Januari 1950 Truman aliidhinisha bomu la haidrojeni. Swali lililotawala lilikuwa kama Warusi wanaweza kulitengeneza, na jibu likawa ndiyo. Marekani ikalipua la kwanza Novemba 1952. Mwaka 1954 jaribio la Bravo, visiwani Bikini, lilifikia megatoni 15, mara elfu moja ya Hiroshima, na majivu yake yakawafuata wavuvi wa Kijapani baharini. Mwaka 1961 Warusi wakalipua la megatoni 50. Maghala ya Marekani yalikuwa na mabomu 9 mwaka 1946, 299 mwaka 1950, na 31,255 mwaka 1967.

Sasa naweza kumjibu yule kijana. Bomu la 30,000 halikutengenezwa kwa ajili ya mji wa 30,000. Lilitengenezwa kwa hofu kwamba adui akitangulia kupiga atayateketeza mengi yangali ardhini, hivyo lazima yabaki ya kutosha kumlipiza. Lakini yeye akiona umeongeza ili yabaki mengi, anasoma kwamba umeongeza ili utangulie, naye anaongeza. Haina kikomo kinachotoka ndani yake yenyewe. Ongeza juu ya hapo majeshi ya anga, majini na nchi kavu, kila moja likidai fungu lake la makombora, na viwanda na wabunge wanaoishi kwa zabuni hizo. Rais Eisenhower mwenyewe aliwaonya Wamarekani kuhusu mtandao huo alipoaga Januari 1961.

Uthibitisho ninaoupenda ni wa miaka hiyo. Katika uchaguzi wa 1960 Kennedy aliwaambia wananchi kwamba Urusi imeiacha Marekani nyuma kwa makombora ya masafa marefu. Watu waliamini, maana Sputnik, setilaiti ya kwanza ya Warusi, ilikuwa imepita juu ya vichwa vyao mwaka 1957. Kisha setilaiti za upelelezi zikaanza kuleta picha, na Septemba 1961 ikabainika kwamba makombora ya Warusi yaliyo tayari ni machache mno. Pengo lilikuwepo, ila aliyekuwa mbele ni Marekani. Hata hivyo mamia ya makombora ya Minuteman yakajengwa. Khrushchev, akijua sasa kwamba udhaifu wake umeonekana, mwaka 1962 akapeleka makombora Kuba, na dunia ikakaribia kuungua.

Wapo wanaosema mrundikano huo ndio uliolinda amani. Nawaheshimu, wengine ni walimu wangu, ila nikikumbuka usiku wa Septemba 1983, afisa mmoja wa Kisovieti, Stanislav Petrov, alipoamua kwamba mitambo inayomwonyesha makombora matano ya Marekani inakosea, naona tuliokolewa na akili ya mtu mmoja aliyekataa kuamini hofu ya mashine. Sitaiita hiyo ulinzi.

Kilichopunguza mwendo hakikuwa mapenzi. Ilikuwa macho. Katika mkataba wa 1972 Marekani na Urusi zilikubaliana kwamba hakuna atakayezuia setilaiti za mwenzake. Ule wa 1987 uliruhusu wakaguzi kuingia kwenye vituo vya upande wa pili na kusimama pale kombora linapoharibiwa. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 dunia ilikuwa na vichwa vya nyuklia takriban 70,000. Leo viko kama 12,000. Katika mkataba wa mwaka 2010 kila upande ulikuwa na haki ya kukagua mara 18 kwa mwaka, wageni wakichagua kituo, wakifika na kuomba kombora fulani lifunuliwe wahesabu vichwa vyake. Ni kinyume kabisa cha mapipa ya Staten Island.

Ukaguzi huo ulisimama Machi 2020 kwa sababu ya korona, na haukurudi. Februari 2023 Urusi ilisitisha ushiriki wake, na mwaka huohuo Marekani nayo ikaacha kuipa Urusi hesabu zake. China inaongeza vichwa vyake, na imekataa kuhesabiwa pamoja na hao wawili. Mkataba wenyewe ulikuwa na ukomo wa tarehe 5 Februari 2026.

Na huku kwetu, malori ya kobalti yanapita barabara ya Likasi usiku na mchana. Nasikiliza wakubwa wa Washington na wa Beijing wakizungumza juu ya madini ya Katanga, na sentensi ninayoisikia mara nyingi ni ile ya 1944: yule asiyapate.